Mbizi asubuhi, ndege ya Arusha jioni? Hapana
Dogo, umeuliza kama unaweza zamia na mtungi wa hewa asubuhi Nungwi, Zanzibar, halafu jioni upande ndege urudi Arusha, aisee usijaribu. Kule chini naitrojeni inaingia kwenye damu na misuli, presha ikishuka ghafla inatoa mapovu kama soda iliyotikiswa, na ndani ya ndege presha inashuka pia. Mbizi moja subiri angalau masaa 12, ukizamia mara kadhaa subiri 18. Kilimanjaro kama unaitaka panda kwanza ndo uende baharini, maana mlimani nako presha inashuka. Majini rudi juu taratibu, mita 9 kwa dakika usizidishe, ukibakiza mita 5 kufika juu simama dakika 3, na pumzi usibane kabisa. Baada ya mbizi viungo vikiuma au ukisikia ganzi usimeze panado ukalala, wengi husingizia uchovu, mwambie mwalimu wako wa mbizi upewe oksijeni na uwahishwe hospitali.