Muulize Bwana Afya: Na wale wazima walikula nini?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni bwana afya mstaafu.

SWALI: Shikamoo Babu. Nasoma mwaka wa kwanza chuo cha afya, huku Tanga. Juzi tulipelekwa mtaani kwa mazoezi ya kuchunguza ugonjwa wa kuharisha. Mwalimu alitwambia kila tukipata mgonjwa mmoja, tuhoji pia watu wawili ambao hawajaugua. Nyumba ya tatu mama mmoja akatutoa mbio: "Mwanangu yuko hoi, nyie mnakwenda kumuuliza jirani mzima amekula nini?" Nilikosa la kusema. Ningemjibuje? *Mwanafunzi, Tanga*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mama huyo simlaumu, maana na mimi niliwahi kufikiri kama yeye, tena nikiwa nimevaa sare ya serikali.

Ilikuwa 1986, nina miaka miwili tu kazini. Asubuhi moja zahanati ya kijiji ikajaa watu wanaotapika na kuharisha, na wote walitoka kwenye harusi moja. Nikachukua kaunta buku langu, nikapanda baiskeli, nikaanza kuuliza: umekula nini? Wagonjwa 31, majibu 31: pilau. Sikuona sababu ya kuendelea. Nikaamuru sufuria lililobaki lifukiwe shimoni, na mbele ya wazee wa kijiji nikatamka kwamba pilau ndilo lililowadhuru watu. Mpishi alikuwa mama mmoja anayesifika kijiji kizima. Alinitazama tu, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Kesho yake mkuu wangu akafika na pikipiki kutoka wilayani. Akalisoma daftari langu taratibu, akafika mwisho, akageuza kurasa akitafuta kitu. Kisha akauliza, "Na wale wazima walikula nini?" Sikuwa na hata mstari mmoja.

Tukarudi nyumba kwa nyumba. Tukawapata wageni 58 ambao hawakuugua, na 55 kati yao walikula pilau lilelile, wengine wakaongeza. Pilau gani hilo la kuchagua watu? Tukaanza upya, safari hii tukiuliza kila kitu: kachumbari, ndizi, maji, juisi. Kwenye juisi ya ukwaju ndipo mambo yalipogeuka. Kati ya wagonjwa 31, waliokunywa walikuwa 29. Kati ya wazima 58, waliokunywa ni 11 tu. Kumbe bomba lilikauka usiku wa kuamkia harusi, na vijana wakajaza pipa la juisi kwa maji ya kisima kifupi kilichochimbwa bondeni, chini ya vyoo.

Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe. Walioinywa ile juisi walikuwa 40, wakaugua 29, yaani karibu watatu katika kila wanne. Wasioinywa walikuwa 49, wakaugua wawili. Mmoja wa hao wawili alikuwa mtoto, na baadaye mama yake alikumbuka kwamba alimwonjesha kwenye kikombe chake. Wa pili mpaka leo sijui alipatia wapi.

Kwa hiyo ukiwahoji wagonjwa peke yao, utaambiwa wamekula nini. Huwezi kujua kilichowatofautisha na wenzao. Harusini kila mtu hula pilau, basi kila mgonjwa atakuwa amekula pilau.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mpishi. Alinipikia chai, tukazungumza habari za mvua. Harusi mbili zilizofuata hakuitwa kupika.

Sasa uone jinsi jambo hilohilo linavyokuwa likiwa kubwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu walianza kugeuka manjano macho na kuvimba tumbo, ini limeharibika. Hadi katikati ya Julai walikuwa wameorodheshwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wamekufa. Shaka iliangukia mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu za nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Lakini ukimuuliza mgonjwa wa Makueni kama amekula ugali, ni sawa na mimi kuuliza habari za pilau. Nani hajala?

Wachunguzi wakachukua wagonjwa 40 na watu 80 wasio wagonjwa. Yaani wawili kwa mmoja, kama alivyokwambia mwalimu wako. Harusini niliweza kumfuata kila mgeni kwa sababu walijulikana. Wilaya nzima huwezi, ndiyo maana unachagua. Na wazima hao huwachagui Nairobi. Mtu wa Nairobi anatofautiana na mwanakijiji kwa mambo mia, na utashindwa kujua ni lipi kati ya hayo mia.

Wakapima mahindi ya nyumba zote. Ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumukuvu kwa wastani wa sehemu 354 katika kila sehemu bilioni za mahindi, na ya nyumba za wazima 44. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa 20. Hebu rudia kusoma hapo. Hata wale wazima walikuwa wanakula sumu zaidi ya mara mbili ya kiwango! Bila wao usingejua kwamba tatizo limeenea hadi kwa watu wasioumwa. Ikaonekana pia kwamba familia za wagonjwa ndizo zaidi zilizokuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani, na kwamba wagonjwa wengi kuliko wazima walikuwa na virusi vya homa ya ini B. Hapo afisa kilimo ana la kwenda kumwambia mkulima: anika, na usilale na magunia yenye unyevu. "Msile ugali" si ushauri wa kumpa mtu mwenye njaa. Kwetu nako, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo usidhani nakusimulia ya jirani.

Angalizo moja la mazoezi yenu. Mgonjwa amelala siku tatu akijihoji amekula nini, anakumbuka mpaka chumvi. Mzima hakumbuki hata chai ya jana. Basi mpe muda uleule, muulize maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Na yule mama? Mngeanza kwa kumpa mwanawe maji ya chumvichumvi, ORS, na kumwelekeza zahanati. Daftari lingefuata baadaye. Alikuwa na haki ya kuwafukuza.

SWALI: Mzee, mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia daktari mmoja wa London alimaliza kipindupindu kwa kung'oa mkono wa pampu ya maji. Jambo kubwa hivyo limalizwe kwa spana? *Mzazi, Morogoro*

JIBU: Mwanao amesoma vizuri, ila kitabu kimemfupishia. Daktari ni John Snow, aliyedai kwamba kipindupindu huenezwa na maji ya kunywa, mtaa ni Broad Street, na mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Lakini siku hiyo vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwa sababu watu walikuwa wameuhama mtaa. Snow mwenyewe alikiri hilo. Jumla walikufa watu 616.

Mimi sipendi sana hadithi ya spana. Napenda ya kiwanda cha bia. Kilikuwa mtaa huohuo, kina wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Kwa nini? Walikuwa wakigawiwa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, imezungukwa na misiba karibu pande zote. Nao walikuwa na kisima chao, wakafa watano tu. Kisha geuza: mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa, ambako kipindupindu hakikuwako, akafa. Alikuwa akiyapenda maji ya pampu ile ya zamani, akiletewa kila siku kwa mkokoteni.

Umeona? Waliokaa karibu na pampu wasiinywe karibu wote walisalimika, na aliyekaa mbali akainywa alikufa. Kasisi wa eneo hilo, Henry Whitehead, alianza kuchunguza akitaka kumuumbua Snow. Akaishia kumuunga mkono, tena ndiye aliyemgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeharisha kabla ya wengine. Nguo zake zilifuliwa, na maji machafu yakamwagwa kwenye shimo lililokuwa hatua moja tu kutoka kisimani. Mtu anayekuja kukupinga akiwa mkweli ni wa kumkaribisha ndani.

SWALI: Bwana Afya, mtaa wetu umetangazwa una wagonjwa 12 wa kuharisha, wa jirani 7. Sasa wauza samaki hawataki kuingia kwetu. Ni haki? *Mjumbe, Mwanza*

JIBU: Hujaniambia mna watu wangapi. Tuseme nyie mko 24,000 na jirani zenu 3,500. Basi kwenu ni wagonjwa 5 katika kila watu 10,000, na kwao ni 20. Hapo wauza samaki wamekimbia upande usio sahihi. Ikiwa mko sawa kwa idadi, wana hoja. Nenda kwa mtendaji ukachukue idadi ya mitaa yote miwili, unitumie. Uliza pia hao 12 wanachota maji wapi, na majirani zao wasioumwa wanachota wapi.