Uliza Fundi wa Picha: Lenzi haichomoki, filta nifunge wapi?

Safari hii maswali ya filta (vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi) yamefurika na karibu yote yametoka kwa wenye kamera ndogo, zile za lenzi moja isiyochomoka, kwahiyo nimeona niyajibu kwa mkupuo.

Habari za kazi kaka. Nina Sony RX100 ya tatu, nimeikagua mbele ya lenzi kila upande sioni nyuzi za kufungia filta. Mwenzangu ana Fujifilm X100V yeye anafunga tu bila shida. Kwahiyo mimi ndo basi tena?

Nzuri ndugu yangu, na wala sio basi tena. Hizi kamera ndogo haziko sawa. Kuna ambazo nyuzi ziko palepale kwenye lenzi, mfano Leica Q na Sony RX1 zinachukua filta ya milimita 49, Panasonic LX100 inachukua 43, hao hawana maswali. Kuna ambazo nyuzi zimefichwa, mwenzako na X100V yake anafungua karinge kembamba ka mbele anaweka adapta (ringi ya kuunganishia filta) inaitwa AR-X100 ndo anapata 49, na wenye Ricoh GR III nao wanatoa ringi ya mbele wanapachika adapta GA-1, 49 hiyohiyo. Halafu ndo mpo nyie wa RX100 na Canon G7 X, hamna nyuzi, hamna ringi ya kutoa, hamna kitu.

Dawa yenu ni ya gundi au sumaku. Sony wenyewe wanatoa adapta VFA-49R1, kuna kitako kinabandikwa mbele ya lenzi kinabaki hapo moja kwa moja, halafu kishikio cha filta unakivalisha ukihitaji na kukivua ukimaliza. Za sumaku zinafanana, unabandika karinge ka chuma, filta inanasa yenyewe.

Sasa kazi iko kwenye kubandika. Zima kamera uangalie lenzi ikiwa imelala, utaona vile vijipazia vinavyofunga kioo, ringi yako isiviguse kabisa, inatakiwa ikae kwenye ukingo wa nje tu. Futa ukingo na kitambaa chenye spiriti kidogo (kitambaa ndo kiwe na spiriti, usimwagie lenzi), acha pakauke, kisha jaribu kuiweka bila kutoa karatasi ya gundi kwanza mpaka jicho lako likubali kwamba imekaa katikati, maana ikikaa upande ukifungua zumu mpana utaona kona moja ya picha imekuwa nyeusi na hiyo hairekebishiki bila kubandua. Ukishabandika, iache masaa kadhaa kabla ya kuning'iniza kitu.

Na hili naomba ulishike: filta itoke KABLA hujazima kamera. Lenzi hizi zinatoka na kurudi kwa mota ndogo sana na vigiya vidogo, ikirudi na filta nene mbele inaweza kukwama, unawasha tena unakutana na ujumbe wa lenzi ina hitilafu, na hapo ni kwa fundi. Kwa sababu hiyohiyo usirundike filta mbili tatu kwenye lenzi ya namna hii, uzito wote unabebwa na hiyo mirija inayochomoza. Adapta ya GR III ni tofauti, yenyewe inashikwa na bodi (mwili wa kamera), lenzi inatoka na kuingia ndani yake bila kubeba chochote, na kwa kweli mfumo huo naupenda zaidi, shida yake tu ni kwamba kamera haiingii tena mfukoni.

Shikamoo fundi. GR III yangu kwenye menyu kuna ND ya ndani, ile filta ya kupunguza mwanga. Kama ipo ndani, ya nje ninunue ya nini?

Marahaba. Swali zuri, na inategemea unataka kufanya nini. ND ya GR III ni ya stopu 2. X100V ina 4, RX100 ya tatu mpaka ya tano zina 3, ila ya sita na ya saba Sony wameitoa, kwahiyo mwenye hizo asiitafute kwenye menyu atachoka bure.

Stopu moja maana yake mwanga unapungua nusu. Tuseme jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), umefungua apacha, yaani tundu la lenzi, f/2.8 ili nyuma pafifie, kamera itataka shata (muda wa kupokea mwanga) kama 1/3200 ya sekunde. Shata za kamera hizi nyingi ziko ndani ya lenzi, na apacha ikiwa wazi kabisa mara nyingi haziwezi kufika kasi yake ya juu kabisa, matokeo yake picha inaungua weupe. Ukiwasha hiyo ND ya stopu 2 unashuka mpaka 1/800, raha mustarehe. Kwa kazi hiyo ya ndani inatosha, usinunue kitu.

Ila ukitaka maji ya maporomoko yawe laini, stopu 2 hazikufikishi popote. Mfano kuna mawingu, umefunga apacha mpaka f/11 umepata 1/30, ukiwasha ya ndani unapata 1/8, maji yanaanza kulainika lakini bado yana vipande vipande. Ongeza ND8 kwa nje, ambayo ni stopu 3, unafika sekunde 1 nzima, hapo sasa. Ndiyo, ya ndani na ya nje zinajumlishana. Mimi ningekushauri uruke ND8 uchukue ND64 ya stopu 6, kwasababu ukichanganya na ya ndani unapata 8 na ukizima unabaki na 6, filta moja inakupa chaguo mbili. ND1000 ni stopu 10 hivi, shata ya 1/60 inageuka sekunde 17, ni ya wenye subira na tripodi nzito (stendi ya miguu mitatu). Tripodi ni lazima kwa zote hizi, na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera.

Nimefunga polaraiza (filta ya kuzungusha inayofuta mng'ao na kukoleza anga) kwenye X100V naizungusha weee, nachungulia sioni mabadiliko yoyote. Nimeuziwa feki?

Hapana bwana, unachungulia dirisha la macho! X100V ina kidirisha cha kioo pembeni ambacho hakipiti kwenye lenzi kabisa, unaweza ukafunga hata kifuniko mbele ukaona dunia iko vilevile. Vuta ile swichi ya mbele uhamie kidirisha cha kielektroniki, au tumia skrini ya nyuma, ndo uzungushe. Na kama umevaa miwani ya jua yenye polaraiza ivue kwanza, wakati mwingine inafanya skrini ionekane nyeusi tii ukadhani kamera imekufa.

Ukishaona, jambo la pili ni jua liko wapi. Anga inakolea zaidi pale jua likiwa begani kwako, kushoto au kulia, yaani pembe ya nyuzi (digrii) 90 na unapoelekeza lenzi. Jua likiwa mgongoni kwako au usoni utazungusha mpaka kesho. Kwenye maji na vioo unataka usimame upande, lenzi ikiangalia uso wa maji kwa pembe ya nyuzi kama 35 hivi, hapo mng'ao unafutika unaona mpaka mawe ya chini. Kwenye chuma kitupu kinachong'aa haifanyi kazi, usijilaumu. Na inakula mwanga stopu 1 mpaka 2, kwahiyo jioni ivue. Wenye lenzi pana ya milimita 28 angalieni anga, sehemu moja inakuwa bluu nzito na pembeni pamepauka, hiyo ni tabia ya mwanga wenyewe, punguza kuzungusha au usiweke anga kubwa kwenye fremu.

Kama pesa inatosha filta moja tu, chukua hii. Rangi utarekebisha kwenye kompyuta, anga utaishusha kwenye faili la RAW (picha ghafi ya kamera), lakini mng'ao uliofunika kilichoko chini ya maji, kompyuta haikijui maana hakikupigwa.

Filta ya UV (ya kuzuia mionzi ya jua isiyoonekana) ya kulinda kioo ina umuhimu?

Kwa picha yenyewe hapana, sensa za kidijitali (kile kidude cha ndani kinachopokea picha) tayari zina kioo kinachozuia UV. Kwa ulinzi sawa, vumbi la pwani na vidole vya watoto. X100V ni kesi maalum, Fujifilm wanasema haijakamilika kuzuia vumbi na matone mpaka uweke adapta na filta mbele. Ila usiku kwenye mataa itoe, utapata vitaa vya uongo vinaelea upande wa pili wa picha. Na iwe safi kweli, kamera ya sensa ndogo yenye lenzi pana inaona vitu vya karibu sana, ukilielekea jua apacha imefungwa kila punje ya vumbi inajitokeza.

Nina filta za zamani za filamu, nyekundu na njano, za 52. Zinafaa?

Ringi ya kupandisha 49 kwenda 52 itazifunga. Ila kwa nyeusi na nyeupe X100V ina njano, nyekundu na kijani kwenye menyu yake, sioni sababu ya kubeba vioo. Kama una kamera yenye flashi ndogo ya ndani kumbuka pia adapta ndefu inaweka kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Filta imeganda kwenye adapta, haitoki!

Usiibane kwa nguvu, ringi inakuwa kama yai na inazidi kukaza. Zungushia raba bendi pana kwenye filta, shika kwa vidole vyote kidogo kidogo kuzunguka, kisha zungusha taratibu. Ikigoma toa adapta nzima kwenye kamera kwanza, afu endelea na hiyo ukiwa umekaa mezani.