Motere Inayovuta Hewa ya Wizi: kwa Anayeanza Kazi ya Garaji Goma

Mdogo wangu, gari likiletwa ralanti, yaani mzunguko wa motere (injini) usipokanyaga, inapanda na kushuka bila mtu kugusa akselereta, au motere inatetemeka gari likiwa limesimama lakini inatulia ukiikanyaga, acha buji (plagi za cheche) kwanza. Huenda kuna ufa unaoingiza hewa ambayo debimetere, kile kipimo cha hewa inayoingia kwenye motere, haikuipima. Kompyuta inatoa petroli ya hewa iliyohesabiwa tu. Kwenye ralanti motere inahitaji hewa kidogo sana, ndiyo maana hata ufa mdogo unaisumbua. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haisikiki tena.

Kama una skana, usiishie kwenye kodi P0171, inayosema petroli ni kidogo kuliko hewa. Tazama masahihisho ya petroli, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa juu kwenye ralanti, tuseme asilimia 20, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta ufa. Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, achana na mipira ya hewa, kaangalie pampu na filta ya petroli.

Wenye saa ya kupimia mvuto wa hewa ndani ya motere, sikieni vizuri. Vitabu vinaandika inchi 17 hadi 21 za zebaki kwa motere nzima, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na kila mita 300 zinakula takriban inchi moja. Kwa hiyo 12 hadi 16 hapa kwetu ni afya. Kijana anayefungua kolektere (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) kwa sababu ya 14 iliyotulia anamtia mwenye gari hasara ya bure. Ukikuta 8, hapo una sababu ya kutafuta.

Tafutia nje, si ndani ya chumba, maana moshi unaua. Freni ya mkono juu, mikono ya shati mbali na feni. Bana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ule unaobadilisha ralanti sana ndio mshukiwa. Mpira wa kupumulia motere, unaorudisha mvuke wa oili, huibadilisha kidogo hata ukiwa mzima, usikudanganye. Kisha kunja kwa mkono ule mpira mkubwa wenye mikunjo, baada ya debimetere. Barabara zetu za mawe ya lava zinatikisa motere kutwa, na ufa hujificha ndani ya mikunjo hiyo. Penye gasketi nyunyizia maji matupu, mbali na waya za moto: sauti ikibadilika, umeupata. Wapo wanaonyunyizia petroli juu ya motere inayowaka. Kwangu huyo anarudi nyumbani.

Mpira uliopasuka nchani, ukiwa na urefu wa kutosha, kata ncha na urudishe na kolie (kibano cha mpira) mpya. Usiweke mpira wa maji: mvuto unaubana na mafuta yanaulainisha. Silikoni nayo si gasketi ya kolektere, petroli inaila. Ila mpira wa servo ya freni (kile kinachosaidia mguu kukanyaga freni), ule unaofanya pedali kuwa ngumu ukivuja, haufungwi utepe hata kwa siku moja. Nunua wake, na valvu yake irudi upande ule ule iliyotazama.

Ukimaliza, futa kodi, acha motere ipate moto, soma tena masahihisho kwenye ralanti na kwenye 2,500. Yakiwa chini ya asilimia 10 pote, mpe mwenyewe gari lake.