Steringi Akishakufa, Mwache Alale

Juzi nimetumiwa ujumbe na kijana mmoja wa Mwanza. Nimemwomba ruhusa ya kuuweka hapa, jina nimeliacha.

"Shikamoo braza. Muvi yangu ya majambazi imefanya vizuri YouTube na watu wanadai part two. Shida ni kwamba steringi nilimuua mwishoni. Nawaza nimrudishe, aidha aje pacha wake au ionekane kumbe hakufa. Bajeti ninayo milioni moja na nusu. Nishauri."

Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, nikaacha mabasi mawili yanipite. Mdogo wangu, marahaba, ila hujui umegusa wapi.

Mwaka 2009 nilitoa filamu ya majambazi. Jina silitaji. Walioiona wanaijua, na wasioiona hawajapoteza kitu. Hapana, huo ni uongo, ile sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri na sitaona haya kulisema. Ilimhusu konda wa daladala anayeingia kwenye genge la wezi wa bandarini, anapanda, anakuwa bosi, anawasahau wote aliokula nao mihogo stendi. Mwisho anapigwa risasi kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, tiketi mkononi. Kamera inabaki kwenye ile tiketi mpaka mtu anaikanyaga. Nilikuwa na kamera moja ya kuazima na taa mbili, na moja ya hizo taa ilikuwa ya fundi gereji. Wiki ya pili baada ya kutoka, mama mmoja muuza vitumbua wa Mbagala alinishika shati njiani akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemuua mtoto wa watu?" Sijawahi kupewa tuzo yoyote. Ile naihesabu.

Halafu msambazaji akanipigia simu. Wa zama zile mnakumbuka, sinema zetu zilikuwa zinakatwa vipande viwili ili kava ziwe mbili na hela ziwe mbili. Yangu ilikuwa imeisha kabisa, lakini yeye alitaka sehemu ya pili kabla ya Idi. Nikamwambia, bosi, steringi amekufa. Akanijibu, "Amekufa kwako. Kwangu mimi bado anauza."

Nikachukua advansi. Hapo ndipo nilipouza kitu ambacho hakikuwa changu, ingawa nilikuja kulielewa hilo baadaye sana.

Tulipiga picha siku ishirini na moja. Mwigizaji wangu alikuwa ameshachukua kazi ya mtu mwingine, kwangu anapatikana Jumamosi na Jumapili tu. Siku za katikati nilimvalisha shemeji yangu kofia na koti, nikampiga mgongoni. Urefu ni uleule, ila mabega ya shemeji yameshuka kama hanga ya waya. Na kuhusu kufa? Nilimwamsha hospitali. Risasi ilikuwa imeingia kwenye simu yake ya Nokia iliyokuwa mfuko wa shati. Cheka tu, mimi niliiandika ile sehemu usiku wa manane na nikajiona fundi.

Siku ya kwanza ilipooneshwa kwenye kibanda umiza kimoja cha Rangi Tatu, nilikaa nyuma kabisa karibu na jenereta. Kiingilio shilingi mia mbili. Walipoona mabega ya shemeji mtu akapiga kelele, "Huyo siye!" Mwingine, "Mgongo wa nani huo?" Wakacheka, nami nikacheka. Hiyo haikuniuma hata kidogo. Watu wetu wanajua umaskini wa kamera kwa sababu ndio umaskini wao, wanausamehe papo hapo. Kilichonimaliza ni jamaa mmoja aliyekaa benchi la mbele. Steringi alipofumbua macho kitandani, yule jamaa hakuzomea. Alimgeukia mwenzake akasema taratibu, "Kumbe tulilia bure." Akasimama, akatoka.

Katoni nne za diski zilinirudia. Mama alizichukua Ifakara akazitundika kwa kamba kwenye shamba la mpunga zifukuze ndege. Miaka miwili sikushika kamera.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Miaka zaidi ya kumi baadaye rafiki yangu anayeishi Ujerumani akaniletea flashi imejaa filamu za zamani za Wamarekani weusi, zile za miaka ya 1970 walizoziita blaksploitesheni. Neno lenyewe ni la kebehi. Lilienezwa mwaka 1972 na Junius Griffin, aliyekuwa akiongoza tawi la Hollywood la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akichanganya "mweusi" na "unyonyaji", kwa sababu aliona mtu mweusi anauziwa sura yake mwenyewe ikiwa ya mhuni, muuza unga na kahaba. Hilo lina mjadala wake na leo siliingii. Mimi niliangukia picha mbili za mwongozaji Larry Cohen, zote za mwaka 1973: *Black Caesar* na sehemu yake ya pili, *Hell Up in Harlem*.

Niliziangalia usiku mmoja mfululizo. Kufika saa tisa nilikuwa nimesimama katikati ya sebule naongea na televisheni.

Ya kwanza ni kazi ya mtu. Fred Williamson, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, anaigiza Tommy Gibbs, mtoto mpiga viatu wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, anayevunjwa mguu na polisi mla rushwa. Anakua na kile kichechemeo, anakuwa bosi wa majambazi, na silaha yake kubwa ni madaftari yenye orodha ya wakubwa wanaolishwa na genge. Karibu na mwisho anapigwa risasi kwenye barabara ya Fifth Avenue, mbele ya duka la vito. Cohen hakuwa na kibali. Kamera ilijificha, Williamson akapepesuka barabarani na damu yake ya bandia, na wale wanaogeuka kumtazama ni wapita njia wa kweli wa New York. Baadaye anakutana tena na yule polisi, ambaye anataka ampige viatu kama zamani. Tommy anamtwanga kwa lile sanduku la brashi, anampaka kiwi usoni, anamlazimisha kuimba "Mammy", wimbo wa wale wazungu waliokuwa wakijipaka masizi kuwaigiza weusi. Nimeirudia sehemu hiyo mara nane. Hakuna bajeti pale. Kuna sanduku, kiwi na miaka ya hasira.

Kisha Tommy anajikokota na jeraha lake hadi kwenye jengo alikozaliwa, sasa ni gofu, na watoto wahuni wa Harlem, wadogo kama alivyokuwa yeye, wanamvamia, wanampiga, wanampora saa. Basi.

Unajua watazamaji walisemaje kwenye onyesho la majaribio? Walisema kile tunachokisema sisi: steringi hafi. Hawakuupenda kabisa ule mwisho, na Cohen akaukata kwenye nakala za sinema za Marekani. Ulikuja kurudi kwenye nakala za nyumbani. Picha ikajaza watu, na kampuni ya American International Pictures, iliyojulikana kwa sinema za bei chee, ikataka ya pili. Harakaharaka. Ya kwanza ilitoka Februari, ya pili ikatoka Desemba ya mwaka uleule.

Na ilitengenezwaje? Shika kiti. Siku za kazi Williamson alikuwa anaigiza picha nyingine ya studio kubwa, na Cohen naye alikuwa anapiga picha yake nyingine ya mtoto zimwi. Kwa hiyo Tommy Gibbs alipatikana Jumamosi na Jumapili. Sehemu nyingine walimweka mtu wa kumkaimu, wakampiga mgongoni.

Mgongoni! Huyo ni shemeji yangu, New York, 1973!

Nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu sehemu ya pili inaanza kwa kurudia picha zilezile za kupigwa risasi Fifth Avenue, kisha mtu anapona. Gofu halipo. Watoto wa Harlem hawapo. Yale niliyotoka kuyaona robo saa kabla, yaliyonibana koo, yamefutwa kama hesabu ya ubaoni. Nikamsikia yule jamaa wa benchi la mbele.

Nisiwe mkatili, *Hell Up in Harlem* ina raha zake. Ina mbio na mangumi yanayofika hadi kwenye mkanda wa mizigo wa uwanja wa ndege, na ina watu wanaotoka baharini na vifaa vya kuzamia kwenda kuvamia jumba la maadui. Ukiwa na wenzako na karanga, utafurahi. Wako wanaoipenda kuliko ya kwanza, na nimeshabishana nao. Lakini wanaipenda kama watu wanavyopenda ngoma, wakiamka asubuhi wameisahau. Hata muziki una mkasa wake. Ya kwanza ilipigwa na James Brown. Akatengeneza wa ya pili, ukakataliwa, nafasi akapewa Edwin Starr. James Brown akaugeuza ule uliokataliwa kuwa albamu, *The Payback*, ikapata hadhi ya dhahabu. Vijana wa muziki mnaonisoma, nanyi mmepata lenu.

Hawakuwa peke yao. *Super Fly* ya mwaka 1972 ilikuwa moto, na muziki wa Curtis Mayfield ukawa moto zaidi. Mwaka uliofuata Ron O'Neal, steringi mwenyewe, akaongoza *Super Fly T.N.T.* kwa skripti ya Alex Haley, wakaenda kupigia picha Roma na Senegali. Wazo halikuwa baya: muuza unga aliyestaafu anaombwa kusaidia ukombozi wa nchi ya Kiafrika. Mimi Mwafrika lilinigusa. Ila aliyekuwa amelipa tiketi alimpenda huyo muuza unga, Priest, akiwa kwenye gari lake na mitaa yake, na Mayfield masikioni. Wakampa Roma. Picha haikuenda.

Kufika 1974 kampuni ileile iliyomharakisha Cohen ilikuwa imeanza kuzichoka sehemu za pili. *Foxy Brown* ya mwigizaji Pam Grier iliandikwa iwe mwendelezo wa *Coffy*, picha yake ya awali, wakaghairi dakika za mwisho wakabadilisha jina la mhusika. Ndiyo maana Coffy ni nesi, lakini ukimtazama Foxy picha nzima huambiwi anafanya kazi gani. Na bado watu wakampenda! Hakuna aliyeuliza "huyu si alikuwa nesi?" Mwanamke mpya, hasira mpya, mwigizaji yuleyule. Ningelijua hili mwaka 2009 ningempa mwigizaji wangu jina jingine na wilaya nyingine, nikamaliza.

Njia nyingine ni ya Rudy Ray Moore, mchekeshaji aliyetoa *Dolemite* kwa hela za kuungaunga, kisha sehemu yake ya pili, *The Human Tornado*, mwaka 1976. Kuna mahali anakimbia uchi na kujirusha kwenye mteremko, halafu picha inasimama, sauti yake inawaambia watazamaji kama hamuamini nimeruka haya tazameni tena, na kweli inarudiwa. Anajua mko kibandani. Anajua mtazomea. Anawahi kuzomea yeye.

Basi, ushauri. Wa kwanza: usimfufue mtu. Wa pili ni huohuo. Mtazamaji akilia amekukopesha kitu, na ukimfufua marehemu bila sababu umekula mkopo. Ninyi vijana mnahesabu views, mnasahau kwamba nyuma ya kila moja kuna mtu aliyenunua bando badala ya soda. Mnaandika "part two loading" kabla ya kujiuliza hata kama kuna kilichobaki kusimuliwa. Na mkianguka mnasema Watanzania hawapendi vya kwao. Wanapenda. Walipenda vyangu mpaka nilipowaambia kuwa machozi yao yalikuwa mzaha. Nilitaka nisipandishe sauti, na tayari nimepandisha.

Kitu kimoja *Hell Up in Harlem* ilikipata, na ndicho ninachotaka kijana wangu wa Mwanza akiangalie. Ni baba. Katika picha ya kwanza baba yake Tommy ni muuzaji wa vipodozi aliyeitelekeza familia, mtu wa kupita. Katika ya pili, mwigizaji Julius Harris anamgeuza yule mzee kuwa jambazi kamili, na kila akitokea unasogea mbele kwenye kiti. Mzee aliyekimbia malezi anamfuata mwanawe kwenye dhambi, na akifika anagundua anaiweza! Hiyo ndiyo ilikuwa picha. Wangemwacha Tommy kwenye gofu lake, wakaanza na huyu mzee siku ya tatu baada ya msiba.

Wewe nimeiangalia muvi yako mara mbili. Steringi sina haja naye. Nimemwona yule dada yake mwenye genge la kuuzia mkaa, anayempigia simu mara tatu na hapokelewi. Sehemu yake yote haifiki dakika mbili. Sasa kaka amekufa, simu yake iko polisi na ina missed calls za dada. Atakuja nani kwenye genge la mkaa? Milioni moja na nusu inatosha kwa genge la mkaa, tena itabaki ya chakula cha watu, na chakula uwape kwa wakati.

Niandikie. Nitumie kurasa tano za kwanza tu. Nikikuta pacha, ya sita sisomi.