Barua kwa mwanangu: kwanini jeshini kamanda awe mmoja

Mwanangu, nimesoma meseji yako. Umeuliza kwanini jeshini askari awe na kamanda mmoja tu wa kumpa amri, wakati wakubwa wawili wenye akili wangeona mengi zaidi.

Wengi hudhani hii ishu ni ya ukubwa, sio kweli. Chukua vita vya Ghuba ya Leyte kule Ufilipino, Oktoba 1944. Wamarekani walikuwa na nguvu kuliko Wajapani lakini makundi yao ya meli yalikuwa mawili, moja la Admirali Halsey aliye chini ya Admirali Nimitz, jingine la Admirali Kinkaid aliye chini ya Jenerali MacArthur, na wa kuwaamuru wote hayupo pale baharini, mpaka Washington huko kwa wakuu wa majeshi. Basi Halsey akaenda kaskazini kufukuza meli za Wajapani za kubeba ndege, Kinkaid akaamini kuna manowari zimebaki kulinda mlango-bahari wa San Bernardino, kumbe hakuna hata moja! Usiku Wajapani wakapita hapohapo, na asubuhi ya tarehe 25 wakazifuma karibu na kisiwa cha Samar meli ndogo ambazo hazikuundwa kupambana na manowari kubwa, vijana wakapigana hivyohivyo, wengi wakafa, mpaka Kurita, kamanda wa Wajapani, akageuza meli zake. Kila mmoja alikuwa na bosi wake anayemtii, ila ule mlango haukuwa na mwenyewe. Mimi nikifika hapo naumia kila nikisoma.

Vita vya Kwanza vya Dunia, Wafaransa na Waingereza nao walipigana bega kwa bega na Wajerumani zaidi ya miaka mitatu, kila mtu na kamanda wake. Wajerumani waliposhambulia tarehe 21 Machi 1918, Pétain, kamanda wa Wafaransa, anawaza Paris, Haig, kamanda wa Waingereza, anawaza bandari, katikati panataka kupasuka. Siku tano baadaye, mjini Doullens, Ufaransa, ndo Foch, jenerali Mfaransa, akapewa kazi ya kuwaunganisha.

Afu usidhani bosi mmoja maana yake unyamaze. Sema unachokiona kabla hajaamua, akishaamua fanya kwa moyo wote. Na wakubwa wawili wakikupa amri zinazogongana, usichague unayempenda wala usijaribu kuwaridhisha wote, mwambie wa pili waziwazi kwamba tayari una amri ya mwingine na ni ipi, afu mjulishe kamanda wako haraka, hapohapo, usisubiri jioni.