370Z ya «miaka 50»
Kaka, umeuliza kama uongeze pesa kwa Nissan 370Z, gari la michezo, toleo la kuadhimisha miaka 50 ya magari ya Z: hapana, usiongeze hata dola mia juu ya bei ya 370Z ya kawaida. Hiyo Nissan ya 2020 ina injini ileile ya V6 (silinda sita), lita 3.7, nguvu za farasi 332 kwa toleo la Marekani. Kilichoongezwa ni michirizi ya rangi, nembo na urembo wa ndani, kukumbuka Datsun 240Z, babu yake wa miaka 50 kabla. Niko fundi hapa Lubumbashi, na michirizi haijawahi kunisaidia kupata vipuri. Kama muuzaji anakubali bei ya kawaida, chukua, ni nzuri kweli. Ila gari lenyewe limelala chini sana: mjini kwenye lami ni sawa, lakini huku mtaa wa Katuba wakati wa mvua utaacha bampa kwenye shimo.