Bunduki Nyepesi ya Kuwindia: Uzito Usiupunguze kwenye Kucha

Ukitaka bunduki nyepesi ya kuwindia, mtambo wa boliti, yaani ile sehemu ya katikati yenye chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza risasi na kutoa ganda, uwe wa mwisho kupunguzwa uzito. Nasema hivi mapema kwa sababu wenzangu wengi wanaoniuliza hapa Tanga huwa wameshaona kwenye simu picha za mitambo ya kuagiza: mwili wa titani (madini mepesi yenye nguvu), boliti iliyochimbwa mifereji, mkono wa kuvutia boliti uliotobolewa. Swali lao linakuwa moja tu, ina gramu ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, ila lisiwe la kwanza.

Hamu ya wepesi ina sababu ya haki. Uwindaji wa upande wetu ni wa miguu. Ukiingia pori la Handeni alfajiri, saa nne jua limeshawaka, miiba inakuvuta nguo, na bunduki ya kilo nne na nusu inakukata bega. Mtu aliyechoka hutweta, na anayetweta hatulizi shabaha. Mnyama anayejeruhiwa kwa risasi ya mtu aliyechoka huenda kufia mbali, na hilo linaniuma kuliko kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo wepesi nautaka mimi pia. Kazi ni kujua utoke wapi.

Tupige hesabu. Mtambo mfupi wa chuma wa kawaida, mfano wa bunduki ya Kimarekani Remington 700, uko karibu na gramu 900. Wa titani wa kuagiza unaweza kushuka hadi gramu 600 hivi. Umeokoa gramu 300 kwa fedha nyingi sana. Sasa tazama darubini: kubwa ya kulengea mbali inafika gramu 900 na zaidi, ilhali ndogo inayokuza mara mbili hadi saba haifiki gramu 400. Nusu kilo imeondoka, tena kwa bei ya chini, na vichakani kwetu, ambako pongo hutokea hatua chache tu mbele yako, darubini kubwa haina kazi. Kitako cha mti ukikibadilisha kwa cha nyuzi za kaboni, unapunguza tena. Kupanga ni kuchagua, na mimi fedha yangu huianzia huko.

Ukishafika kwenye mtambo wenyewe, anza na urefu. Namba hizi ni majina ya aina za risasi: risasi nzima ya .308 ina urefu wa milimita 71, ya .30-06 inafika 85, na .375 H&H ni kama 91. Ukiweka .308 kwenye mtambo wa urefu wa .30-06, umejibebesha chuma cha bure. Mmarekani mmoja, Melvin Forbes wa West Virginia, alilielewa jambo hili vizuri sana miaka ya 1980. Hakutoboa matundu wala kukimbilia madini ya bei. Alichora mtambo kwa kipimo cha risasi yenyewe, akapata Model 20, mtambo wa chuma wenye uzito wa aunsi 20, yaani gramu kama 570. Kila anayeniambia lazima titani humpa mfano huo. Chuma kilichopangwa kwa akili kinaweza kuwa chepesi sawa na titani.

Sasa tuje kwenye kucha, na hapa naomba usinipite haraka. Kucha ni kile kipande cha boliti kinachoshika kitako cha risasi na kulivuta ganda nje baada ya kufyatua. Kwenye Mauser ya 1898, bunduki ya Kijerumani, ni kipande kirefu kinacholala ubavuni mwa boliti. Kinaishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini na hakiiachi hadi ganda liruke nje. Winchester Model 70 ya mwaka 1936 ilifuata njia hiyohiyo. Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, husukuma risasi mbele bila kuishika, na kucha yake ni kipande chembamba ndani ya mdomo wa boliti. Mitambo mingi myepesi ya kuagiza imejengwa kwa umbo la hiyo 700, kwa sababu vitako na triga zake zinapatikana kila mahali.

Kwa pongo au ngiri, yoyote kati ya hizo inatosha ikiwa imetengenezwa vizuri. Kwa nyati, ile ya kusukuma siikubali. Ukiwa umeshtuka, ukasukuma boliti mbele bila kuifunga, kisha ukaivuta nusu na kuirudisha mbele, kucha ya Mauser itakuwa bado imeishika risasi ileile. Ile ya kusukuma inaweza kuiacha risasi ya kwanza ndani ya chemba (chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu) na kuisukumia ya pili nyuma yake. Papo hapo bunduki imekwama, na nyati hasubiri.

(Tanga na boliti ni watu wa zamani. Waingereza waliposhuka hapa Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walibeba Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na moshi mzito uliomwonyesha adui walipo. Kutoka hiyo hadi ya 1898 ni safari kubwa ya ufundi, na ndiyo maana siku zote namheshimu fundi aliyeibuni ile kucha.)

Titani ina zawadi moja ya kweli kwa sisi wa pwani: haili kutu. Anayeishi Raskazone au Pangani anajua upepo wa kusi unavyoleta chumvi hadi kabatini. Chuma kilichotiwa buluu kwa dawa, ukikishika kwa jasho jioni usikifute, asubuhi kina madoa. Lakini uliza mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, meno yanayofunga boliti ni ya chuma gani? Titani ikisuguana na titani hung'ang'aniana, kwa hiyo nataka kichwa cha boliti na meno yake viwe vya chuma cha pua. La pili, vishikio vya darubini ni vya nini? Alumini ikikaa juu ya titani penye chumvi, inayoliwa ni alumini.

Na usinunue mtambo uliobanwa kama wa mashindano ya shabaha. Unateleza kwa raha dukani, lakini ukiingia vumbi la Handeni unaanza kukwaruza. Wa porini uwe na nafasi kidogo ya kupumua.

Meno mawili au matatu? Matatu hufunguka ukiinua mkono wa boliti nyuzi 60, mawili nyuzi 90. Ya 60 hayagongi darubini, ila kuinua mkono kunahitaji nguvu zaidi. Mimi nachagua mawili.

Kumbuka pia teke. Risasi ileile, bunduki ikishuka kutoka kilo 3.6 hadi 2.7, nguvu ya teke inapanda kwa theluthi moja. Kwa .308 bega linavumilia. Kwa .375, ambayo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa kwetu kwa nyati, bunduki nyepesi inakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Hiyo iache iwe na kilo zake nne.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezewi. Mwili wa mtambo ndio unaobeba namba ya silaha, na Marekani sheria inauhesabu kuwa silaha hata bila mtutu, kwa hiyo usiuagize kama kipuri cha pikipiki. Kibali kwanza, fedha baadaye.

Mtambo ukishafungwa mtutu na kitako, chukua risasi za mazoezi zisizo na baruti, jaza magazini, elekeza mtutu mahali salama, kisha vuta boliti polepole, halafu kwa kasi, halafu bunduki ikiwa imelala ubavu. Ikikwama hata mara moja, irudishe kwa fundi kabla hujamalizia malipo.